Ndoa Iliyofungwa Ng'ambo: Kupima Maneno Matano ya Sheria

Mwalimu akaaye karibu na njia kuu huletewa karatasi nyingi zisizo za shule. Wengine huleta barua za kusomewa, wengine madai, na mara kwa mara huja mtu na cheti cha ndoa kilichoandikwa katika nchi nyingine na kwa lugha nyingine, akiuliza neno moja tu: Je, hapa nahesabiwa kuwa nimeoa? au, Je, nahesabiwa kuwa nimeolewa? Neno hili ni jepesi kuuliza, wala si jepesi kujibu. Mimi mwenyewe nilipata kulijibu upesi mbele ya watu wazima, nikakosa. Na kosa hilo ndilo lililonifanya niisome sheria yenyewe na kuyapima maneno yake. Matokeo ya kupima huko nayaweka hapa mbele ya wenzangu walimu na mapadre, maana kosa langu laweza kuwa la wengi.

Kwetu ni Tindiga, katika wilaya ya Kilosa. Na jina la mahali petu ni neno lile lile la Kiswahili lenye maana ya nchi ya majimaji na matope. Wenyeji wa pande hizi, Wasagara na Wavidunda, na jirani zao Wakaguru na Waluguru, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Walakini hatukai peke yetu. Wamo wafugaji wanaofuata upande wa baba, na wamo wajukuu wa watu walioletwa na kazi ya mkonge zamani za Waingereza, waliotoka Ruanda-Urundi, Nyasaland na Msumbiji. Tena reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, imetuunganisha na ziwa, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Basi ndoa za nchi nyingine kwetu si habari za kusoma vitabuni. Zimekaa nasi katika kitongoji kimoja.

1. Shauri lenyewe

Kijana mmoja wa hapa alikwenda Kigoma kufanya biashara ya samaki na nguo, akivuka ziwa mara kwa mara. Huko ng'ambo akapata mchumba, nao wakafunga ndoa kanisani mbele ya padre na mashahidi, wakapewa cheti kwa Kifaransa. Kisha akamleta mkewe nyumbani. Walikaa hapa miaka kumi na saba, wakalima, wakafyeka shamba jipya la mpunga pembeni mwa bwawa, wakazaa watoto watatu. Mume akafa.

Baada ya arobaini ukoo ukaketi. Mjomba wa marehemu hakuwa mtu mbaya wala mchoyo. Kwa desturi yetu ardhi ya ukoo haiendi kwa mjane, hurudi kwa wapwa, na jambo hilo hata mjane hakulikataa. Neno lilikuwa juu ya lile shamba la mpunga, lililofyekwa na wawili. Mjomba akasema, "Mwalimu, ndoa hii nani aliiona? Sisi hatukupeleka posa, wala hatukupokea mtu. Mgeni aliingia na mtoto wetu usiku, akakaa." Nami, kwa kujiamini, nikainua kile cheti, nikasema: Hii ni ndoa ya kanisa, ina mhuri, yatosha.

Ndipo mpwa mmoja aliyekuwa amepata kufanya kazi ng'ambo akacheka kidogo, akasema, "Shikamoo Mwalimu, lakini huko hiyo haitoshi. Huko ndoa ya kanisa ni ya kanisa tu. Ndoa ya leta ndiyo ndoa." Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekifanya cheti kuwa ngao, kumbe ngao ina tundu.

2. Neno moja, uzito mbalimbali

Na tulitazame kwanza neno, kabla ya sheria. Waswahili wa Kongo huita serikali "leta", neno lililotoka katika Kifaransa. Nao husema ndoa ya leta, ndoa ya kanisa, na ndoa ya kimila. Sisi husema ndoa ya bomani, ndoa ya kanisa, ndoa ya msikitini, na ndoa ya kimila. Msikilizaji akisikia maneno haya atadhani kwamba watu wa pande mbili wasema mambo yale yale. Sivyo.

Huku Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilizifungua njia zote pamoja: mbele ya msajili, kwa ibada ya dini, kwa Kiislamu, au kwa desturi. Kila njia yafikisha pale pale, na padre mwenye leseni akifungisha ndoa, ndoa hiyo ni ya kanisa na ya serikali kwa mara moja. Ndiyo sababu kwetu "ya bomani" na "ya kanisa" ni maneno ya kuchagua, kama mtu achaguavyo kwenda Kilosa kwa gari au kwa treni.

Kongo walifuata njia ya Wabelgiji. Sheria yao ya Jamaa ya mwaka 1987 yakubali ndoa iliyofungwa mbele ya mwandikishaji wa serikali, na ile iliyofungwa katika jamaa kwa desturi kisha ikaandikishwa kwake. Ibada ya kanisa peke yake haimfanyi mtu kuwa mume au mke mbele ya serikali. Rwanda nayo, katika katiba yake ya mwaka 2003, iliweka kwamba serikali yaitambua ndoa ya mume mmoja na mke mmoja iliyofungwa mbele ya serikali. Basi "ndoa ya kanisa" ni maneno mawili yaliyovuka mpaka bila kubadilika, lakini uzito wake uliachwa forodhani. Mpwa yule alilijua jambo hili kwa kuishi. Mimi sikulijua kwa kusoma.

3. Sheria yasemaje

Fungu la 36 la sheria yetu ya mwaka 1971 ndilo linenalo juu ya ndoa zilizofungwa nje. Kwa maneno yangu mwenyewe, ndoa ya nje hutambuliwa hapa kwa mambo manne: kwanza, iwe ilifungwa kwa utaratibu unaotakiwa au kuruhusiwa na sheria ya nchi ile ilikofungwa, pili, kila mmoja awe alikuwa na uwezo wa kuoa au kuolewa kwa sheria ya maskani yake, tatu, mmoja wao akiwa raia wa Tanzania au mwenye maskani hapa, wote wawili wawe na uwezo huo kwa sheria yetu pia, nne, wote wawili wawe waliridhia kwa hiari, au kama mmoja hakuridhia, basi wawe baadaye wamekutana kimwili kwa hiari kama mume na mke.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Ni jambo la kushukuru. Lakini lazidi kutupasa kuyapima maneno tunayoyatumia tunapowafasiria watu fungu kama hili. Nayatazama matano.

Neno la kwanza ni kutambua. Wengi husema kwamba serikali "huihalalisha" ndoa ya nje. Neno hili ni kosa, tena kosa lenye madhara. Kuhalalisha ni kukifanya halali kitu ambacho hakikuwa halali. Kutambua ni kukijua kitu ambacho kilikuwapo tayari, kama mchungaji amtambuavyo ng'ombe wake kwa alama. Sheria ya nchi hii haiifungi upya ndoa ya Bujumbura wala ya Nairobi; huitazama alama yake tu. Mtu akisema "kuhalalisha", huwafanya wenzi waliokaa ndoani miaka thelathini wajione kuwa walikuwa wazinzi mpaka karani alipopiga mhuri.

Neno la pili ni utaratibu. Hili ni jema, mradi tuseme daima "utaratibu wa huko". Watu wetu huuliza: Je, mahari ilitolewa? Ng'ombe wangapi? Mshenga nani? Haya ni maswali ya utaratibu wa hapa, na fungu la 36 haliyaulizi. Mmakua wa Msumbiji aliyeoa kwa desturi ya kufuata upande wa mama haulizwi ng'ombe na sheria, hata kama jirani yake mfugaji humwuliza kila siku. Hata ndani ya nchi yetu, sheria yasema kwamba kutotolewa kwa mahari hakuitangui ndoa. Lakini upanga huu una makali pande mbili: kama vile desturi yetu haiwezi kuibomoa ndoa ya huko, vivyo hivyo wema wa desturi yetu hauwezi kuijenga. Hapo ndipo lile tundu la ngao yangu lilipokuwapo.

Neno la tatu ni uwezo. Naliona kuwa neno baya kwa jambo hili. Katika vijiji vyetu "mtu mwenye uwezo" ni mwenye mali. Nimemsikia mtu mzima akisema kwa uchungu kwamba ndoa yake haitatambuliwa kwa kuwa alipooa "hakuwa na uwezo", yaani hakuwa na ng'ombe! Sheria haineni juu ya mali. Yanena juu ya umri, juu ya undugu wa karibu, na juu ya kuwa huru na ndoa nyingine. Ningependa tuseme "kustahili kuoa na kuolewa", maana kustahili humtazama mtu mwenyewe, wala hakuhesabu mifugo yake.

Jambo lenyewe ni zito. Mwanamume wa hapa aliyefunga kanisani ndoa ya mke mmoja, akaenda nchi nyingine akaoa wa pili kwa desturi ya huko, huyo hakustahili kwa sheria yetu. Ndoa ile ya pili haitambuliwi, hata ikiwa na mihuri saba. Na katika umri, sheria ya 1971 iliweka miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililoletwa na Bi Rebeca Gyumi, ilisema kwamba mafungu hayo ya umri yapingana na katiba. Na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikalithibitisha neno hilo. Kenya, kwa Sheria yao ya Ndoa ya mwaka 2014, waliweka miaka 18 kwa wote. Basi mtu asidhani kwamba mpaka wa nchi ni mlango wa kumpitishia binti mdogo.

Neno la nne ni maskani. Mwanafunzi akilisikia hufikiri nyumba. Mwanasheria alitumiapo hataki kujua paa liko wapi. Ataka kujua mtu yule ni wa nchi gani, ambayo amekusudia kukaa wala hana nia ya kuihama. Kiswahili kina neno la kila siku lililo karibu zaidi, nalo ni "kwao". Tunapouliza, "Huyu kwao wapi?" hatuulizi amelala wapi jana, twauliza mifupa yake itarudi wapi. Lakini tuwe na hadhari: mjukuu wa mkata mkonge aliyezaliwa Kimamba, watu humwambia mpaka leo kwamba kwao ni Msumbiji. Kwa sheria mtu aweza kuhamia nchi akaifanya kuwa kwao kwa nia na kukaa. Tukiwahesabu watu kwa babu zao, tutaipima ndoa kwa kipimo kisichokuwa chake.

Neno la tano ni hiari, na hapa si tafsiri ninayoikosoa, bali sheria yenyewe. Yasema kwamba asiyeridhia siku ya ndoa, lakini baadaye akakutana na mwenziwe kwa hiari, ndoa yake itatambuliwa. Naijua nia yake: ndoa nyingi zilianza kwa amri ya wazee zikaishia katika upendo, wala haifai kuzivunja. Walakini na tumfikiri msichana aliyepelekwa nchi asiyoijua, hana nauli, hana lugha, hana mjomba wa kumkimbilia. Kukaa kwake ni hiari, au ni kukosa njia? Ndani ya nyumba hapana mashahidi kama walivyokuwapo kanisani. Ningalitaka sheria imwulize mtu huyo swali moja zaidi: Ulikuwa na njia ya kuondoka?

4. Wakubwa nao walikosa

Pengine msomaji atasema kwamba shida hizi ni za vijijini. La, hata mahakama kubwa zilijikwaa. Mwaka 1866 huko Uingereza, hakimu Lord Penzance aliletewa shauri la John Hyde, Mwingereza aliyeoa mwaka 1853 huko Utah katika watu wa dini ya Mormoni. Baadaye aliiacha dini ile, na mkewe akaolewa na mwingine. Hyde akaomba talaka. Hakimu akakataa kulisikiliza, kwa kuwa ndoa iliyofungwa mahali panaporuhusiwa wake wengi, kwake haikuwa ndoa ambayo mahakama ile yaweza kuihudumia; ijapokuwa Hyde alikuwa na mke mmoja tu! Alisema ndoa ni muungano wa hiari wa mume mmoja na mke mmoja, wa maisha yote, ukiwatenga wengine wote.

Mawazo hayo yalivuka bahari. Mwaka 1917, katika Kenya ya Waingereza, shauri la Amkeyo lilihusu mtu aliyeshtakiwa kwa mali ya wizi, na mwanamke aliyemwoa kwa desturi akatoa ushahidi juu yake. Jaji mkuu Hamilton alisema kwamba mwanamke huyo hana ulinzi wa mke, maana ndoa ya kienyeji yafanana zaidi na ununuzi. Tazama basi: wenye nchi waliambiwa katika nchi yao wenyewe kwamba ndoa zao hazitambulikani, kana kwamba wao ndio wageni.

Na Marekani, mwaka 1958, Richard Loving, mzungu, na Mildred Jeter, mwanamke mweusi, walitoka jimbo lao la Virginia wakafunga ndoa mjini Washington, kwa kuwa kwao sheria ilikataza. Waliporudi wakakamatwa kitandani. Mwaka 1959 wakahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja, kikaahirishwa kwa sharti wahame jimbo miaka 25. Mahakama Kuu ya nchi ile iliwapa haki tarehe 12 Juni 1967.

Nikiipima sheria yetu pamoja na habari hizi, siwezi kuacha kuisifu. Nayo yasema kwamba ndoa ni muungano wa hiari wa mume na mke uliokusudiwa kudumu maisha yao yote. Lakini yale maneno ya kuwatenga wengine wote hayamo katika maelezo hayo, kwa sababu yazitambua ndoa za mke mmoja na za wake wengi pia. Mtu wa Malawi aliyekuja na wake wawili wa desturi hataambiwa hapa kwamba alinunua watu. Upole huu ulipatikana kwa gharama, wala tusiuone mdogo.

5. Mwisho wa shauri

Nilikuwa nimenyamaza pale kikaoni. Aliyenena ni bibi mmoja jirani, asiyejua kusoma. Akasema, "Mzee, waniuliza nani aliiona ndoa hii? Mimi. Dada yako alipokuwa kitandani miezi minane, nani alimwogesha? Alipokufa, tulimwita nani aje avae kaniki ya mkwe? Huyu. Hapa hapakuwa na mtu aliyesema si mke. Leo mpunga umeiva ndipo mmekuwa vipofu?" Mjomba akainama kwa muda mrefu. Hatimaye akasema kwamba ardhi ya ukoo itabaki kwa ukoo, na shamba la bwawani ni la mama na watoto. Ikaisha hivyo, bila kwenda mahakama ya mwanzo.

Nilipoisoma sheria baadaye niliona kwamba mpwa alikuwa kweli juu ya fungu la 36, nami nilikuwa nimekosa; lakini yule bibi, pasipo kujua, alikuwa amelisema fungu la 160. Fungu hilo lasema kwamba mwanamume na mwanamke wakiisha kukaa pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kuwa ni mume na mke, itadhaniwa kwamba walioana kwa haki, mpaka mtu athibitishe kinyume. Na hata ikithibitishwa kinyume, mwanamke aweza kuomba matunzo yake na ya watoto wake. Ni dhana tu, si ukuta wa mawe. Mtu mwenye hila na wakili aweza kuibomoa. Ndiyo sababu sisemi kwamba mjane yule alikuwa salama. Nasema kwamba alipata jirani mwema, na si kila mgeni apataye.

Kwa hiyo nawasihi wenzangu mambo matatu. Mgeni akileta cheti cha kanisa cha nchi nyingine, tusiseme "yatosha" kama nilivyosema mimi. Tuulize kama huko walikwenda pia mbele ya leta, na kama walipewa hati yake. Kama hawakwenda, tuwapeleke kwa msajili wa ndoa wote wawili wakiwa hai na wenye afya, wakaulize lipasalo kufanywa. Maana mume akiisha kufa hapana dawa ya kumrudisha mbele ya karani. Na hati iliyo kwa Kifaransa au Kireno, ifasiriwe mapema na mtu anayeaminiwa, isingojee siku ya matanga.

Waswahili husema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ni kweli; ndoa ya watu wale ilikuwa njema, nasi sote tulikuwa tumeingia ndani tukala na kunywa. Lakini nyumba njema isiyo na mlango, siku ya mvua ya masika maji ya tindiga huingia. Kazi yetu ni kuwasaidia watu kutia mlango mapema.